Nani Anamdai Nani? Mjadala wa Gome la Mwerebi na Kidonge cha Aspirini

Kila anayeuza dawa za miti anaijua hadithi hii, na kila anayezibeza dawa hizo huikubali shingo upande: kwamba aspirini, kidonge kinachopatikana mpaka duka la mangi, kilitoka kwenye gome la mti. Mti wenyewe ni mwerebi, ule wa kando ya vijito ambao wasomaji wa Biblia wanaujua kwa jina hata kama hawajawahi kuuona. Ulaya waliusukia vikapu, wakatengenezea ngozi kwa gome lake, na gome hilohilo wakalichemsha kwa homa na maumivu. Hadithi ni tamu na sehemu yake kubwa ni kweli. Naona tu imebebeshwa mzigo usio wake, na badala ya kuhubiri peke yangu nimewaita watu wanne wabishane.

Wote wanne ni wa kubuni. MZEE anaumwa kiuno. Binti yake anayeishi Uingereza amemtumia kichupa cha vidonge vya gome la mwerebi, na kwenye lebo yameandikwa maneno "aspirini ya asili". MTABIBU ni mama anayetibu kwa dawa za miti, cheti chake cha usajili kinaning'inia ukutani, na hana mchezo na mtu anayemwita mshirikina. MFAMASIA ni kijana mwenye duka la dawa mtaa huohuo. MWALIMU alifundisha historia ya sayansi, amestaafu, na hajaacha kufundisha.

MZEE: Mimi sina maneno mengi. Kiuno kinanikaba kila nikiamka, mpaka nishike ukuta ndiyo nisimame. Mwanangu kanitumia hivi. Nimeze, nisimeze?

MTABIBU: Meza, baba. Huo mti haukuanza jana. Wagiriki waliutumia, Warumi waliutumia. Wenyeji wa Marekani ya Kaskazini walichemsha gome lake kwa homa na maumivu. Afrika Kusini wana mwerebi wao wa mitoni, nao ulichemshwa kwa homa na baridi yabisi. Watu wasiojuana, mabara matatu, wote wamefika kwenye mti wa ukoo mmoja kwa ugonjwa uleule. Halafu Wajerumani wakautia kiwandani, ikatoka aspirini. Huyu kijana anaiuza aspirini kwa raha zake, lakini nikitandaza magome yangu anapita kama hanioni.

MFAMASIA: Nakuona, mama, na shikamoo yako nakupa kila siku. Ila hapo umesema mambo mengi kwa mpigo, na mawili si kweli.

MTABIBU: Yapi?

MFAMASIA: La Wagiriki na la Wajerumani. Mwalimu, la Wagiriki ni lako.

MWALIMU: Vitabu vingi husema Hippocrates aliwapa wanawake gome la mwerebi kutuliza uchungu wa kuzaa. Ukiyapekua maandishi yanayobeba jina lake, agizo hilo hulikuti. Aliyeandika habari za mwerebi kwa kirefu ni Dioscorides, tabibu Mgiriki wa karne ya kwanza baada ya Kristo, na aliyoyaandika yanachekesha ukiyalinganisha na sifa za leo. Majivu ya gome yalowekwe kwenye siki, yapakwe kwenye sugu za miguuni. Majani yanywewe na mwanamke asiyetaka kushika mimba. Maji yaliyochemshiwa mwerebi yakande mguu wenye jongo.

MTABIBU: Jongo! Umelisema mwenyewe, Mwalimu. Jongo si maumivu ya viungo?

MWALIMU: Ni maumivu ya viungo. Lakini huko ni kukanda kwa nje, kwa maji ya moto, na maji ya moto hata bila mti yanaliwaza.

MTABIBU: Na hizo sugu je? Plasta za sugu dukani kwake zina dawa gani?

MFAMASIA: Asidi ya salisiliki, ndugu wa damu wa aspirini. Hapo umenibana. Tatizo ni kwamba Dioscorides analichoma gome mpaka liwe majivu. Salisini, yaani ule uchungu wa gome tunaobishania hapa, haihimili moto wa namna hiyo. Majivu hubaki na madini tu. Kama majivu yake yalitoa sugu, yalizitoa kwa sababu nyingine kabisa.

Niingilie kidogo. Wakale walikuwa na matumizi ya mwerebi chungu nzima. Sisi tunaoujua mwisho wa hadithi tunaokota moja au mawili yaliyokuja kushinda, tunayaacha mengine yaanguke chini kimya kimya, kisha tunayaita yaliyobaki hekima ya wahenga. Sijawahi kuona anayeuza majani ya mwerebi kama uzazi wa mpango, ingawa Dioscorides huyohuyo ndiye shahidi.

MTABIBU: Haya, wafu wa Ugiriki tuwaache wapumzike. Na yule mchungaji wa Kiingereza je?

MWALIMU: Huyo nampenda. Edward Stone, kasisi wa Chipping Norton, mji mdogo wa Oxfordshire. Tarehe 25 Aprili 1763 alimwandikia barua rais wa Royal Society ya London. Anasema miaka kama sita nyuma alionja gome la mwerebi, si kwa kukusudia tiba, akashangazwa na ukali wa uchungu wake. Uchungu ule ukamkumbusha gome la sinkona kutoka Peru, lililokuwa dawa ya homa ya vipindi, la bei mbaya na la kuletwa kwa meli. Homa yenyewe ilikuwa malaria. Ndiyo, Mzee, Uingereza. Mabwawa ya Kent, Essex na Fens yalikuwa nayo tele. Stone akawaza pia kwa imani ya zama zake: mwerebi unapenda majimaji, homa nayo inapenda majimaji, na Mungu hawezi kuweka dawa mbali na ugonjwa.

MZEE: Hayo hata babu yangu alikuwa akiyasema.

MWALIMU: Kila mwenye babu atakwambia hivyo. Sasa tazama alichofanya. Alikusanya gome kama ratili moja, akalitia mfukoni, akaliegesha nje ya tanuri la mwoka mikate kwa zaidi ya miezi mitatu mpaka likakauka, akalitwanga na kulichekecha. Akaanza kwa woga: punje 20 hivi za unga, yaani gramu moja na kidogo, kila baada ya saa nne, katikati ya kipindi kimoja cha homa na kingine. Alipoona hakuna aliyedhurika akapandisha mpaka drami moja, karibu gramu nne. Kwa miaka kadhaa aliwapa watu wapatao 50. Anasema liliwashinda wachache tu, wenye homa za msimu wa vuli na zile zinazorudi siku ya nne, zilizokuwa zimeota mizizi. Hao aliwachanganyia sehemu ya tano ya sinkona, nao wakapona.

MTABIBU: Watu hamsini! Mnaiitaje hiyo kama si utafiti?

MFAMASIA: Naiita mwanzo mzuri. Mchungaji kuwapa watu dawa ya mti si jambo geni kwetu. Mwaka 2011 nchi nzima ilikuwa njiani kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, naye alikuwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri.

MTABIBU: Usinichanganyie habari, mwanangu. Babu alisema ameoteshwa na Mungu.

MWALIMU: Na tofauti iko hapohapo. Stone hakuoteshwa. Alisema: nimeonja, nimekausha, nimepima, nimetoa kiasi hiki kila baada ya saa hizi, na fulani na fulani hawakupona mpaka nilipowaongezea kitu kingine. Barua yake inawataja walioshindikana. Mimi kwa kawaida nikikutana na mtu mwenye dawa humwuliza habari za walioshindikana kwanza, za waliopona atanieleza mwenyewe.

MFAMASIA: Alichokosa ni kundi la pili, la watu wasiopewa kitu. Wanahistoria wanaamini malaria ya Uingereza ilikuwa hasa ya kimelea kiitwacho vivax, ambayo hupanda na kushuka yenyewe. Mgonjwa anapata nafuu, anakaa, kisha inarudi. Ukimpa mtu unga wowote juma ambalo homa inajiondokea, sifa zinakwenda kwa unga. Na wale wagumu waliponea nini? Sinkona, ambayo ina kwinini inayoua vimelea. Mwerebi si dawa ya kimelea cha malaria. Ukiweza sana, utashusha joto.

MTABIBU: Kushusha joto si kitu kidogo kwa anayetetemeka.

MFAMASIA: Kwa mwenye malaria ni hatari, mama, ndiyo maana sauti imenipanda. Joto likishuka na vimelea vimebaki, mzazi anatulia, anasema mtoto ameamka vizuri, hakimbilii kipimo. Na hata hilo joto tulipigie hesabu. Gome la mwerebi mweupe, aina anayohusishwa nayo Stone, lina salisini asilimia moja hivi, mara nyingi chini ya hapo. Drami moja ya unga ni gramu 3.9, kwa hiyo salisini ni miligramu 39. Mara sita kwa siku, tuseme mgonjwa anaamshwa na usiku, zinakuwa miligramu 230 na kitu. Mwilini hizo zinatoa salisiliki ya kulingana na kidonge kile kidogo cha aspirini wanachopewa watu wa moyo. Mtu mzima anayetumia aspirini kwa homa humeza miligramu 600 kwa mkupuo mmoja, na baada ya saa chache anarudia.

MTABIBU: Hesabu hizo Stone hakuwa nazo.

MFAMASIA: Hakuwa nazo, na simlaumu. Anayeuza kichupa hiki leo anazo.

MTABIBU: Sawa. Tumefika kwa Wajerumani. Aspirini waliitoa wapi kama si kwenye gome?

MFAMASIA: Kwenye makaa ya mawe.

MTABIBU: Acha utani.

MWALIMU: Hatanii. Mwaka 1828 Johann Buchner, kule Munich, alitoa kwenye gome kitu cha manjano, kichungu, akakiita salisini. Mwaka uliofuata Mfaransa Henri Leroux akakipata kikiwa fuwele. Mwaka 1838 Mwitaliano Raffaele Piria akakigeuza kuwa asidi ya salisiliki. Mpaka hapo mti unahitajika. Mwaka 1859 Hermann Kolbe akaonyesha namna ya kuunda asidi hiyohiyo kutoka kwenye fenoli, na fenoli ilitolewa kwenye lami ya makaa ya mawe. Mwaka 1874 kiwanda kikaanza kazi Dresden, bei ikaporomoka, na mwerebi ukarudia vikapu vyake. Mwaka 1897, Felix Hoffmann wa kampuni ya Bayer alipoipachika asidi ile kipande kiitwacho asetili na kupata dawa iliyoingia sokoni 1899 kwa jina la Aspirin, alianza na asidi ya kiwandani. Hakuna mwerebi uliochunwa kwa ajili ya kidonge hicho.

MTABIBU: Mtoto aliyezaliwa hospitali ya mjini bado ana bibi kijijini. Bila uchungu wa gome, huyo Buchner angechuja nini?

MWALIMU: Hilo sikubishii. Tena nitakuongezea shahidi. Thomas Maclagan, tabibu wa Dundee, Scotland, alikuwa akihangaika na homa ya baridi yabisi, ile inayovimbisha viungo na kuharibu moyo. Naye akafikiri kama Stone, zaidi ya miaka 100 baadaye: ugonjwa wa mahali penye baridi na unyevu, basi dawa itafutwe kwenye mti wa unyevu. Alimeza salisini yeye mwenyewe kwanza aone itamfanya nini, kisha mwishoni mwa 1874 akamwanzishia mgonjwa: punje 12 kila baada ya saa tatu. Homa ikashuka, maumivu yakaachia. Mwaka 1876 akachapisha habari zake katika jarida la The Lancet. Wazo la kijijini kabisa, na tiba ya kweli.

MFAMASIA: Mwalimu, kiasi usikipite haraka. Punje 12 kila saa tatu ni zaidi ya gramu sita za salisini kwa siku. Gramu, si miligramu. Kwa gome lenye asilimia moja, mgonjwa wake angehitaji zaidi ya nusu kilo ya gome kavu, kila siku, na kesho tena. Maclagan hakulithibitisha gome. Alithibitisha fuwele iliyotoka kwenye gome, kwa kiasi ambacho kikombe cha gome lililochemshwa hakikifikii hata kwa mbali.

Hapa mimi niko upande wa kijana. Ubishi wetu juu ya dawa za miti hupenda kuzunguka swali la kama dawa inatibu au haitibu, na watu wakagawanyika kama mashabiki wa Simba na Yanga. Ni mara chache anatokea mtu wa kuuliza kiasi gani. Utasikia kiganja kimoja, kikombe kutwa mara tatu, chemsha mpaka maji yawe mekundu. Stone, kwa mapungufu yake yote, alikuwa na mizani.

MZEE: Naona mmemaliza miaka mia mbili na kiuno changu hamjakigusa.

MFAMASIA: Kwenye kiuno ndipo nitakapompa mama haki yake, Mzee. Mwaka 2000 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Haifa, Israel. Watu 210, wote na maumivu ya kiuno ya muda mrefu yaliyokuwa yamechachamaa. Kundi moja lilipewa vidonge vya gome lililokamuliwa, vyenye salisini miligramu 240 kwa siku. Kundi la pili miligramu 120. La tatu lilipewa vidonge hewa, visivyo na dawa ndani. Hakuna aliyejua kapewa nini. Majuma manne. Juma la mwisho, waliokuwa hawana maumivu katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 39, la pili asilimia 21, na la vidonge hewa asilimia 6.

MTABIBU: Umesikia, baba! Kasema mwenyewe, sijamlazimisha.

MFAMASIA: Na mamlaka ya dawa ya Ulaya inaikubali dawa ya namna hiyo kutumiwa kwa muda mfupi kwa maumivu ya kiuno, kwa watu wazima. Nimelisema wazi. Sasa na mimi nina swali, mama. Watafiti Wajerumani walipima damu za watu waliomeza hizo miligramu 240 za salisini. Salisiliki waliyoikuta ililingana na ya mtu aliyemeza aspirini miligramu 87. Miligramu 87 hazitulizi kiuno cha mtu mzima. Ni nini kilichotuliza?

MTABIBU: Vilivyobaki! Ndiyo naimba kila siku. Mti si kitu kimoja. Nyinyi mnachomoa kitu kimoja, mnakipa jina la Kilatini, vingine mnamwaga. Gome lina uchungu wake, lina ukakasi wake, lina rangi yake, na vyote vina kazi.

MFAMASIA: Nakubaliana nawe. Kuna polifenoli, kuna flavonoidi, kuna tanini ambazo ndizo huo ukakasi, na katika maabara baadhi yake hupunguza uvimbe.

MTABIBU: Basi yamekwisha.

MFAMASIA: Ndiyo kwanza yanaanza. Kama gome linatuliza kiuno kwa vitu ambavyo aspirini haina, basi lebo hii inadanganya. Kadiri unavyolisifu gome kwa siri zake lenyewe, ndivyo unavyozidi kulitoa kwenye ukoo wa kidonge. Huwezi kusema mti unajitosheleza, kisha ukifika wakati wa kuuza ukaazima jina la dawa ya kiwandani.

MTABIBU: Jina hilo hatukuliweka sisi. Wameliweka wafanyabiashara. Mteja anataka jina analolijua, akiona mwerebi hajui ni mti au ni kijiji.

MFAMASIA: Nakuelewa. Na mimi wateja wangu wanaomba dawa kwa rangi ya boksi.

MWALIMU: Tuongeze na jambo moja la haki. Kiuno si viungo vyote. Mwaka 2004 Wajerumani walichapisha jaribio kwa wenye magoti na nyonga zilizolika. Salisini miligramu 240 zilezile hazikuvishinda vidonge hewa kwa kiasi cha kuhesabika, wakati diklofenaki, dawa ya maumivu ya kiwandani, ilivishinda. Kwa hiyo anayekwambia gome linafaa kwa maumivu yote, amekwambia zaidi ya anachokijua.

MZEE: Haya, mimi ni kiuno tu, magoti nashukuru Mungu. Basi nitaanza leo. Tena itanipunguzia mzigo wa vidonge. Hospitali walinipa aspirini ndogo ya moyo, nameza kila siku tangu mwaka juzi. Kama hii ndiyo ya asili, ile ya moyo naiacha.

Kwa ajili ya maneno hayo ya Mzee ndiyo nimeandika mjadala huu. Watu wazima wenye akili timamu wanafika kwenye uamuzi huo kwa njia iliyonyooka kabisa: aspirini ilitoka kwenye gome, gome ni la asili, cha asili ni laini, basi nibadilishe. Hakuna hatua moja humo inayoonekana ya kijinga.

MFAMASIA: Hapana, Mzee. Kile cha moyo usikiache hata siku moja bila daktari wako. Nisikilize vizuri. Hospitali hawakukupa kile kwa ajili ya maumivu. Kwenye damu kuna chembe ndogo, tunaziita chembe sahani, kazi yake kugandisha damu. Asetili ya kwenye aspirini inajibandika ndani ya chembe hizo, na iliyobandikwa hairudii kazi yake mpaka ife, siku nane mpaka kumi. Ndiyo maana kidonge kidogo cha miligramu 75 kinakutosha kutwa nzima. Gome halina asetili. Hoffmann aliipachika kiwandani, haikutoka mtini. Salisini ya gome inapita tumboni, inavunjwa kwenye utumbo, ini linaimalizia kuwa asidi ya salisiliki, na asidi hiyo haijibandiki kwenye chembe namna ile. Ukibadilisha, moyo wako unabaki bila ulinzi na wewe unajiona unameza dawa.

MZEE: Lakini imeandikwa aspirini.

MFAMASIA: Ndiyo ugomvi wangu huo, baba.

MTABIBU: Nikimwambia ameze vyote viwili?

MFAMASIA: Usimwambie kabla daktari wake hajajua. Salisiliki juu ya aspirini, tumbo la mzee linaweza kuvuja damu. Na wako wengine wasiopaswa kuligusa gome hili kabisa: anayemeza warfarin ya kuzuia damu kuganda, mwenye vidonda vya tumbo, mwenye pumu inayoamshwa na aspirini, mjamzito wa miezi ya mwisho. Watoto pia, kwa sababu ileile aspirini wananyimwa: mtoto mwenye mafua makali au tetekuwanga anaweza kupata ugonjwa wa Reye, unaoharibu ini na ubongo. Halafu kuna dengi. Dar es Salaam tumeiona 2014, tukaiona tena 2019. Mgonjwa wa dengi hapewi aspirini, maana anaweza kuvuja damu. Sasa fikiria, dengi ni homa na viungo kuvunjikavunjika. Nani atakayevutwa na dawa ya homa na viungo kama si yeye?

MTABIBU: La dengi nilikuwa sijaliunganisha. Nalichukua, na wateja wangu nitawauliza kabla ya kuwapimia chochote cha namna hii. Lakini na wewe ukubali jambo. Nusu ya wanaoingia kwangu wamekimbia hizo diklofenaki zako zilizowachoma tumbo.

MFAMASIA: Nakubali, na mimi nawaona wakirudi wakishika tumbo. Salisini ina nafuu hapo, kwa sababu inageuka asidi ikiwa imeshapita tumboni. Hiyo ni sifa halali ya gome, itangazeni kwa sauti.

MWALIMU: Sasa gome lipi? Maana mwerebi ni jina la ukoo, na ukoo huo una spishi zaidi ya 300. Mwerebi mweupe anaohusishwa nao Stone ni maskini wa salisini. Salix purpurea na Salix daphnoides zinafika asilimia nne, wakati mwingine zaidi sana. Kitabu cha vipimo vya dawa cha Ulaya kinataka gome lisipungue asilimia moja na nusu, na lichunwe kwenye matawi machanga. Tawi la miaka miwili na shina la babu yake si dawa moja, hata kama mti ni mmoja.

MTABIBU: Na wa kwetu? Mwerebi wa kwetu upo. Nimeuona kando ya mito huko nyanda za juu, majani membamba, chini yake kama yamepakwa majivu.

MWALIMU: Salix subserrata. Upo Ethiopia, upo Kenya, upo mpaka huku kwetu.

MTABIBU: Una salisini kiasi gani?

MFAMASIA: Hilo linajibiwa kwa mashine, siyo kwa ulimi kama wa Stone. Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili ipo tangu 1974, kazi yake ni maswali kama hayo.

MTABIBU: Na gharama ni za nani? Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inataka nisajiliwe, nimesajiliwa. Kipimo cha maabara hainilipii. Halafu nikishapeleka gome langu, likaonekana lina kitu, mwenye mtaji ndiye atakayejenga kiwanda. Huyo Stone alipata nini?

MWALIMU: Walichapisha barua yake na jina wakalikosea. Wakamwita Edmund.

MTABIBU: Mnaona? Sasa niambieni niharakishe.

MFAMASIA: Usiharakishe. Anza na daftari, hilo halina gharama. Mti upi, mto gani, tawi la umri gani, mwezi uliochuna, gramu ngapi kwa maji kiasi gani, na nani hakupona. Ukilijaza, utakapofika maabara hutakuwa mtu wa kupokea karatasi na kuondoka. Utakuwa na kitu chako mkononi, na wenye kutaka gome watalazimika kukaa nawe mezani.

MTABIBU: Nikikuletea gome lililopimwa, salisini yake imeandikwa, utaliweka dukani kwako?

MFAMASIA: Likiwa na kibali cha kuuzwa, nitaliweka. Rafu ya kiuno. Rafu ya moyo hulikuti.

MTABIBU: Na neno aspirini lisionekane popote kwenye pakiti.

MFAMASIA: Lisionekane.

MTABIBU: Na bei napanga mimi.